Hakimu Aliyeuliza Maana ya "Niliwang'olea"

Miaka ile gesi ilipogunduliwa katika bahari yetu, huku ambako wananchi husema Kiswahili na serikali huandika kwa Kireno, mimi nilikuwa mtetezi mahakamani wa watu wasioweza kumlipa wakili. Sikuwa mtu wa chuo kikuu. Nilimaliza sekondari, nikafanya ukarani, kisha nikapelekwa kwenye mafunzo ya miezi michache na kurudi na kitambulisho chenye picha yangu nimefunga tai ya kuazima. Watu wakaanza kuniita dotori, kama wanavyoitwa mawakili wa chuo kikuu. Mara ya kwanza niliona haya, mara ya pili nikanyamaza, na kuanzia mara ya tatu nikawa nageuka upesi nikisikia naitwa.

Kesi ninayotaka kuisimulia ilianza siku ya harusi. Binti wa jirani yangu alikuwa anaolewa, nami nilikuwa nimevaa kanzu mpya, natembea kuelekea kwenye pilau. Polisi mmoja, rafiki yangu, akanikimbilia njiani.

"Dotori, nisaidie dakika tano. Nina mama mmoja wa huko Nhica. Kireno hajui hata bom dia, na mimi Kiswahili chake kinanipita."

"Dakika tano zako nazijua."

"Tano kweli. Andika maelezo tu, atie kidole, basi."

Nikaingia kituoni. Mama mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, amejifunga kitenge kichwani, miguu yake ina matope makavu ya shamba la mpunga hadi karibu na magoti. Akaniamkia kwa adabu, "Shikamoo baba," nami nikaitikia bila hata kukaa. Akaanza kusimulia. Vijana wa upimaji, wale waliokuwa wakipima njia ya barabara ya kampuni ya gesi, walikuwa wamepita shambani kwake wakachomeka vigingi vyenye utepe mwekundu. Simulizi yake ilikuwa ndefu: dada yake yumo, ndege wa mpunga wamo, njia ya kwenda Pundanhar na ubovu wake imo. Mimi ngoma ya harusi nilikuwa naisikia dirishani. Nikamkata.

"Mama, kwa kifupi. Vigingi ulivifanya nini?"

"Niliwang'olea wale vijana vigingi vyao, baba."

Nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri: Arranquei-lhes as estacas. Niliionea fahari ile "lhes". Sekondari, mwalimu wetu wa Kireno alikuwa akinisimamisha mbele ya darasa niwaonyeshe wenzangu viwakilishi vinavyokaa mahali pake. Nikatia sahihi yangu yenye mikia mitatu, mama akatia kidole, nikaenda zangu. Pilau niliikuta ingali ya moto.

Sentensi ile haina kosa la sarufi hata moja. Lakini Mreno akiisoma, ataelewa kwamba mama aliwapokonya vijana vigingi mikononi mwao. Mama hakusema hivyo. Alisema aliving'oa kwa ajili yao, kama mtu anavyomchotea jirani maji. Kiswahili kimeweka wema wote wa mama katika kipande kidogo cha neno, na mimi nilikitupa kile kipande kwa sababu ya nyama ya pilau.

Wiki mbili baadaye jalada likaletwa mezani kwangu nimtetee mama yule. Juu yake paliandikwa roubo. Huo si wizi wa kawaida. Ni unyang'anyi, kuchukua kwa nguvu, na adhabu yake ni miaka ndani ya gereza la Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu. Nikasoma maelezo, nikauona mwandiko wangu. Nilifunga jalada, nikalifungua tena, kana kwamba mwandiko ungekuwa umebadilika.

Nilipokwenda kumwona mahabusu, mama hakuniuliza habari za gereza. Aliniuliza habari za mpunga.

"Unaiva, baba. Dada yangu yuko peke yake na ndege. Akikaa peke yake wiki mbili nyingine, tutavuna mabua."

Nilipaswa kwenda kwa hakimu asubuhi ile ile na kumwambia, kosa ni langu. Sikwenda. Niliogopa kitambulisho changu, niliogopa kicheko cha watu, niliogopa kurudi kuitwa karani. Nikatafuta njia ya mkato.

"Mama, nisikilize. Utakachoulizwa chochote, jibu ndiyo. Usibishane. Kisha ulie kidogo."

"Nilie kwa lipi?"

"Lia tu. Hakimu ni mwanamke mwenzio, atakuonea huruma, atakupunguzia."

"Mimi machozi hayaji hivi hivi, baba. Hata kwenye msiba wa mama mkwe wangu yalinisumbua."

"Jikune jicho."

Hakimu alikuwa mgeni kwetu, ametoka Zambézia, mkoa wa mbali ambako Kiswahili hakisemwi, mdogo kiasi cha kuwa binti yangu. Mimi nilizoea mahakimu wanaopiga meza. Nilishamwambia karani wa mahakama kwamba huyu binti hatamaliza mwaka, watamla mbichi.

Siku ya kesi, aliingia na joho lake jeusi na ndala za ngozi, akaketi kati ya wazee wa baraza wawili, bibi mmoja na bwana mmoja, ambao wananchi huwachagua kukaa na hakimu. Kabla ya kufungua jalada akamwinamia karani, ambaye ndiye aliyekuwa mkalimani, akamwuliza kwa Kireno, mama wa umri huu huku kwenu anaamkiwaje? Karani akamnong'oneza. Hakimu akamgeukia mshtakiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," mama akajibu, kisha akajiziba mdomo kwa hofu.

Nilitazama dari. Nilijisemea, mahakama imekwisha hii. Hakimu gani anamwamkia mshtakiwa wa unyang'anyi? Na hakuishia hapo. Aliagiza aletewe kiti badala ya benchi. Akauliza kama amekula. Hajala. Basi kesi ikasimama, chai na mkate vikaletwa, na sisi wote, mimi na mwendesha mashtaka na mtu wa kampuni aliyevaa kofia ngumu hata ndani ya nyumba, tukakaa tukimtazama mama akichovya mkate.

Alipomaliza, maswali yakaanza.

"Siku hiyo ulikuwa shambani?"

"Ndiyo."

"Vigingi uliviona?"

"Ndiyo."

"Uliwapokonya wafanyakazi?"

"Ndiyo."

"Kwa nguvu?"

"Ndiyo," mama akasema, akajikuna jicho.

Hakimu akaacha kuandika. Akavua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Leo umekuja hapa kwa ndege?"

Karani alisita, akatafsiri. "Ndiyo," mama akajibu.

Bibi wa baraza akaguna. Hakimu akaendelea bila kucheka hata kidogo. "Na wewe ndiye mke wa karani huyu?"

Karani akageuka kumtazama hakimu, akamwita kwa cheo chake cha heshima. "Meritísima, mke wangu yuko nje pale anauza maandazi."

"Tafsiri."

Akatafsiri. "Ndiyo," mama akasema, na safari hii chozi moja la kweli likatoka, nadhani kwa kukuna sana.

Chumba kizima kikapasuka kwa kicheko. Mwendesha mashtaka alijificha nyuma ya jalada lake. Hakimu alingoja mpaka kila mtu akachoka, kisha akanitazama mimi.

"Dotori, nani amemfundisha mama huyu kujibu?"

"Mimi, Meritísima."

"Umemfundisha vizuri kupita kiasi. Kaa." Akamgeukia karani. "Mwambie ayasahau yote aliyofundishwa. Aanze asubuhi ya siku ile, alipoamka. Asikimbie. Mimi nina kalamu mbili."

Basi mama akaanza tena, na safari hii hakuna aliyemkata. Dada yake akaingia, ndege wakaingia, hata kikohozi cha mbuzi kikaingia. Hakimu aliandika yote. Niliona kwamba anapoandika anainua macho kila baada ya mstari, kama mtu anayemwangalia mwenziwe asije akaachwa nyuma njiani. Mahakimu wangu wa kupiga meza sikuwahi kuwaona wakifanya hivyo. Wakati ule nilihesabu kuwa ni kupoteza muda.

"Nikafika shambani," mama akasema, "nikaviona vigingi vimesimama katikati ya mpunga wangu, na mtu hakuna. Nikasema, hawa watoto wamesahau vitu vyao. Vijana wa siku hizi. Basi niliwang'olea, kimoja kimoja, nikavifunga mzigo, nikajitwika mpaka kambini kwao. Nimefika natoka jasho, napiga hodi, nawaambia vigingi vyenu hivi hapa. Mlinzi badala ya kunipa maji akanishika mkono."

Karani akatafsiri. Alipofika penyewe akasema, arrancou-lhes as estacas. Neno lile lile langu. Nadhani naye sekondari alisimamishwa mbele ya darasa.

Hakimu akainua kidole. "Sielewi. Amewapokonya vigingi, kisha akawabebea kichwani mpaka kambini? Mnyang'anyi wa aina gani huyu? Neno lenyewe alilosema ni lipi? Lile la kinywani mwake."

"Niliwang'olea," karani akasema.

Hakimu akaliandika, akajaribu kulitamka. "Niliwangolea."

"Hapana, mwanangu," mama akasema, amesahau kabisa kwamba yeye ni mshtakiwa. "Ng'o. Ng'o. Kama ng'ombe."

"Ngombe."

"Ng'ombe!" wakasema watu wote kwenye mabenchi.

"Vutia puani, Meritísima," bwana wa baraza akamshauri, akijishika pua kumwonyesha.

Hakimu akajishika pua na kujaribu mara nne. Mara ya nne ikatoka safi, na watu wakapiga makofi. Nikiri kwamba na mimi nilipiga, ingawa nilishaona tunakoelekea.

"Sasa nionyeshe," hakimu akasema.

Nyuma ya mahakama mlinzi wetu alikuwa amepanda muhogo, matuta matatu, bila ruhusa ya mtu. Hakimu akatoka na joho lake, sote nyuma yake. Mlinzi alidhani amekuja kumhukumu yeye.

"Mwambie mama," hakimu akamwambia karani, "afanye lile neno. Amfanyie mlinzi."

"Mng'olee mlinzi muhogo," karani akasema.

Mama akakunja kitenge, akashika shina kwa chini, akatikisa mara mbili na kuvuta. Mizizi mitano ikatoka na udongo wake, minene kama mikono ya mtoto. Akamkabidhi mlinzi kwa mikono miwili. "Haya, baba, nimekung'olea. Kachemshe."

Hakimu akamwuliza mlinzi, "Amekunyang'anya?"

"Aninyang'anye vipi? Amenisaidia. Mgongo wangu huu, nilikuwa naangalia tu ule muhogo tangu wiki iliyopita."

"Na neno alilofanya ni lipi?"

"Amening'olea."

Hakimu akacheka. Kilikuwa kicheko kikubwa kwa mwili mdogo kama ule, akajishika kwenye ukuta, na joho likashika vumbi la chokaa ubavu mzima. Mwendesha mashtaka naye akacheka, na mtu wa kampuni akavua kofia yake ngumu.

Tuliporudi ndani alikuwa ameshatulia. Akafungua jalada kwenye maelezo ya polisi.

"Neno hili ndilo lililomweka mama ndani. Nani alitafsiri siku ile? Hapa pana sahihi, lakini jina halikuandikwa. Naona mikia tu."

Akamtazama rafiki yangu polisi. Polisi akatazama buti zake. Karani aliijua sahihi ile vizuri, akaanza kutafuta kitu kwenye droo. Mimi niliendelea kukaa, na sina cha kujitetea nacho.

Hakimu akasema, bila hasira, "Siwezi kuyafuta maelezo haya bila kumsikia aliyeyaandika. Basi itanibidi niahirishe mpaka mkalimani apatikane. Mwezi, labda zaidi. Mama atarudi mahabusu."

Karani akatafsiri. Mama hakulia safari hii. Alinigeukia tu, akasema kwa sauti ya chini, "Mwezi, baba? Mpunga umeshainama."

Nikasimama. Miguu ilisimama kabla yangu.

"Mkalimani ni mimi, Meritísima."

Nilingoja meza ipigwe. Haikupigwa. Hakimu aliweka kalamu chini, akaniuliza kama mtu anayeuliza njia.

"Siku ile ulikuwa na haraka?"

"Ndiyo."

"Ndiyo ya kweli, au ndiyo ile uliyomfundisha mama?"

Watu wakacheka. "Ya kweli, Meritísima."

"Haraka ya nini?"

Ningeweza kusema ya kazi. "Ya pilau. Kulikuwa na harusi."

Hata bibi wa baraza, ambaye muda wote alikuwa amekaza uso, aliinamisha kichwa na mabega yake yakatikisika. Mama ndiye aliyecheka zaidi. "Mimi nilimjua tangu alipokuja kuniona mahabusu," akawaambia watu wa benchi la nyuma. "Nikasema, watu wa serikali wana mipango yao, huyu anayefunga ndiye anayefungua."

Nikaanza kuomba radhi. "Meritísima, naomba mahakama inisamehe, mimi—"

"Usiniombe mimi," akanikatiza. Ilikuwa mara pekee siku ile aliyomkatiza mtu.

Kisha akafanya jambo ambalo mimi, katika miaka yangu yote ya kutembea na majalada kwapani, sikuwahi kulifikiria. Akasema siwezi kuwa shahidi na mtetezi kwa pamoja, kwa hiyo karani atamtetea mama. Mimi nikaambiwa nikae mbele ya mama, goti kwa goti, niandike maelezo upya. Nisome kila sentensi kwa Kireno, niirudishe kwa Kiswahili, na nisiende kwenye sentensi ya pili mpaka mama aseme, "Ndivyo nilivyosema." Bibi wa baraza, aliyejua lugha zote mbili, akawekwa kutusikiliza.

Ilichukua asubuhi yote iliyobaki. Mama alinirudisha nyuma mara nyingi. Niliandika "nilibeba", akasema hakubeba, alijitwika. Niliandika "mlinzi alinikamata", akasema hapana, alimshika kwanza, kumkamata kulikuja baadaye, yeye mama alipogoma kuachia kamba yake ya mzigo. Nilipofika kwenye vigingi niliandika, kwa Kireno cha mtoto wa darasa la kwanza: niliving'oa ardhini ili niwapelekee wenyewe. Hakuna kiwakilishi hata kimoja cha fahari.

"Ndivyo nilivyosema," mama akasema. "Tangu mwanzo."

Karani akasimama kumtetea. Hakuwa amejiandaa. "Meritísima, huyu mama alitaka kuwasaidia. Naomba aende akavune." Akakaa. Ndio utetezi mzuri kuliko wote niliowahi kuusikia katika chumba kile, na mimi nilikuwa nikizungumza nusu saa nzima kwa Kireno cha gazeti.

Mwendesha mashtaka mwenyewe akaomba mama aachiwe. Palibaki utepe mwekundu. Mama alikiri bila kuulizwa mara mbili.

"Utepe niliuchukua, huo ni kweli. Niliufunga juu ya mpunga. Ndege hawaupendi kabisa."

Hakimu akamwuliza mtu wa kampuni kama wanautaka. Akasema wanao mwingine, mama abaki nao. Hakimu akasoma hukumu, fupi, na mama akawa huru. Kabla ya kuondoka mama aliuliza swali lake.

"Na wakija tena kuchomeka?"

"Hilo halikuletwa mbele yangu leo," hakimu akasema. "Lakini wakija, usiving'oe. Na wakija na karatasi, usitie kidole mpaka mtu akusomee polepole." Hakumtazama mtu yeyote aliposema hivyo, nami nilimshukuru kwa hilo kuliko yote.

Mwaka uliofuata alihamishwa. Karani alinikumbusha kwamba nilitabiri hatamaliza mwaka. Aliumaliza, na watu walikuja kumuaga mpaka uwanja ukajaa. Mimi nilibaki na desturi yake ya kuketi goti kwa goti, na nikaifuata mpaka nilipoacha kazi. Ila kabla ya mama yule nilishawatafsiria watu wengi nikiwa nimesimama. Wengine walikwenda Pemba. Sikumbuki hata nilichowaandikia, na hilo ndilo linaloniuma, kwamba sikumbuki.

Jumapili iliyofuata baada ya hukumu nilipata lifti ya lori mpaka Nhica. Nilimkuta mama shambani na dada yake na wanawake wa jirani, wameinama mstari mmoja, visu vidogo mikononi, wanakata masuke na kuongea kwa pamoja. Mpunga ulikuwa umeiva rangi ya dhahabu, na ulikuwa mwingi.

"Haya, tazameni!" mama akaita. "Huyu ndiye aliyenitia ndani. Mpeni kisu."

"Huyu wa kanzu?" dada yake akauliza. "Atajua?"

"Hajui. Mpe tu."

Nikavua viatu, nikafunga kanzu kiunoni, nikakunja suruali, nikaingia kwenye matope kando yake. Nilikata masuke machache, vibaya, na wanawake wakacheka, na mimi nikacheka. Kisha nikasema nililokwenda kulisema. Nilikuwa nimelipanga njia nzima kwa maneno mazuri, na yote yalinipotea.

"Mama, nisamehe."

Hakuinua kichwa. Alikata suke, akakata la pili, akaweka kwenye kapu.

"Nimekusikia, baba," akasema. "Kata huku upande wangu. Jua linapanda."